Mpira Usiomfikia Irene

Maretadu, Mbulu
6 Machi 2005

Mpendwa mdogo wangu Bonaventura,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye ukungu. Sisi ni wazima, na naomba barua hii ikukute mzima na wewe, ingawa nasikia kwa baridi ya Uholanzi uzima ni wa kuombea. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Mume wangu Nikolausi naye anakusalimu. Mguu wake umepona, ametangulia shambani kuangalia maharage, ambayo mwaka huu yameota vizuri mpaka naogopa kuyasifu.

Habari nyingine ni zile zile. Wenye malori wamekuja tena mnadani, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani ina tabia yake. Wanasema biashara ni huria, basi na mizani imekuwa huria. Ofisi za mkoa wetu mpya ziko Babati sasa, kwa hiyo tukitaka kugombana na serikali hatuhitaji tena kufika Arusha.

Zita wangu na Irene wako wameingia kidato cha pili pamoja. Wanalala kitanda kimoja na kugombea blanketi moja. Irene amerefuka. Akisimama mlangoni jioni nashtuka, nadhani ni marehemu mama yake. Haongei sana, lakini kwa hesabu bado hakuna wa kumfikia. Mkono wake wa kushoto unamwuma kidogo, amejichanja, ila usihofu. Anauliza unarudi lini. Nimemwambia Juni, kama ulivyosema.

Andika upesi. Ukikawia Mama ananiuliza mimi, utafikiri nimekuficha uvunguni.

Dada yako,
Letisia


Uholanzi
17 Aprili 2005

Shikamoo dada Letisia,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, sikuweza kungoja kufika chumbani. Mwambie Mama soksi navaa tatu. Mpe Nikolausi pole ya mguu na hongera ya maharage.

Dada, hivi shule iliyokufundisha Kiswahili bado ipo? Mtu hajichanji, anachanjwa! Tangu utoto Kiswahili chako kinapitia kwanza kwenye Kiiraqw ndipo kitufikie sisi wengine. Lakini nimefurahi kwamba amechanjwa. Ni chanjo gani, ya pepopunda? Mkono kuuma ni kawaida, utaacha wenyewe.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ya huku, nikakujibu kwa kifupi kwamba ni picha. Arusha nilikuwa napiga picha za mifupa, huku tunapiga za ubongo. Kijana analala ndani ya mashine kubwa mithili ya pipa. Inagonga kama nyundo, lakini haimchomi wala haimkati. Tunaona sehemu zipi za ubongo zinafanya kazi zaidi anapofikiri, au anapoumizwa moyo. Vijana tunaowaita ni wa umri wa Irene. Baadhi yao wana tabia ya kujiumiza wenyewe kwa makusudi, na wakubwa wa utafiti wanataka kujua kama picha zinaweza kuonyesha mapema nani yumo hatarini. Najua utatikisa kichwa. Mimi mwenyewe nilipofika nilidhani ni ugonjwa wa watu walioshiba. Kazi yangu ni kuwapokea, kuwatuliza na kuwafundisha kulala bila kutikisika. Wananizoea upesi, sijui kwa nini.

Kuhusu Juni, mambo ya ofisi yamesogea kidogo. Mwambie Irene asome kwa bidii.

Nchi hii haina kilima, dada. Jioni natembea nikitafuta mahali pa kupanda nitazame chini, sipati. Nimewakumbuka mpaka inauma.

Mdogo wako,
Bona


Uholanzi
3 Julai 2005

Shikamoo dada,

Natumaini hamjambo. Miezi inapita, sioni barua. Posta imelala, au umenuna kwa ajili ya Kiswahili chako? Kama ni hilo, nimekoma, andika utakavyo. Mama hajambo? Irene yuko salama? Nimeota nipo nyumbani na hakuna anayenijibu hodi. Sipendi ndoto hiyo.

Bona


Maretadu
21 Agosti 2005

Mdogo wangu Bonaventura,

Marahaba. Kwa mwili sisi ni wazima. Mama anakohoa asubuhi, si sana. Maharage tumevuna, mazuri. Kanisa letu la kigango limepata bati.

Barua zako zote mbili zimefika. Posta haikulala.

Bona, Kiswahili changu hakikuwa na kosa. Niliandika amejichanja kwa sababu amejichanja. Wewe ukaona dada wa shamba amekosea, ukanisahihisha kama mwalimu, ukafurahi na chanjo yako. Nilikasirika siku ile mpaka nikaunguza ugali. Halafu, nisikudanganye, nikashukuru. Neno lile nililiandika kwa hofu, na jibu lako likanipa nafasi ya kujifanya sikuandika kitu.

Zita ndiye aliyeona kwanza. Irene akaniambia alikuwa anachanja kuni, shoka likateleza. Shoka haliwezi kuteleza mara nyingi namna ile mahali pamoja. Nilipouliza tena akasema ni chale tu, kuna mama amemchanja dawa ya kichwa. Nilitaka sana kuamini, nikaamini. Mwezi wa saba nimeona mapya.

Sijamwambia mtu, hata Nikolausi. Unajua wazee wetu wanavyosema juu ya damu inayomwagika nyumbani bila sababu. Ni metimani, nyumba inatengwa, hakuna wa kuja kuomba moto wala kuazima jembe. Mama akisikia atataka Irene atengwe tena kama alipofiwa na mama yake Lucia. Na wa kanisani wakisikia watasema ni pepo, wamwekee mikono mbele ya watu. Nimenyamaza. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa na kifo cha mtoto wa Lucia.

Wewe uko huko unatazama ndani ya vichwa vya watoto wa watu. Nisaidie na wa kwako. Na usiniandikie mambo ya ofisi. Juni imekwisha pita, alikuwa anaihesabu.

Letisia


Uholanzi
18 Septemba 2005

Shikamoo dada yangu,

Wasalimie wote. Leo sina habari nyingine.

Barua yako ilinikuta kazini. Nilitoka nje nikalia kwenye maegesho ya baiskeli, watu wakipita. Nimeirudia ile ya Machi, na neno lenyewe lipo, zima kabisa, nami niliruka juu yake nikicheka.

Sasa nisikilize, tafadhali, maana haya nayajua kwa kazi. Usimpige, wala usimwapishe kwa Biblia kwamba hatarudia. Mwambie Nikolausi, huwezi kubeba peke yako. Viwembe na dawa za kunyunyizia mahindi viwekwe mahali asipofika. Kisha mkae wawili, wewe na Irene, umwulize waziwazi kama anajiumiza. Umwulize na la pili, kama anafikiria kufa. Najua unaogopa kwamba ukilitaja utampa wazo. Humpi. Hapa tunawauliza wote, kila siku, na wengi wanashusha pumzi kwamba mtu ameuliza hatimaye. Akisema ndiyo kwa la pili, usimwache peke yake hata kidogo, mpeleke hospitali ya misheni siku hiyo hiyo. Hata akisema hapana, mpeleke. Hili ni jambo la kutibiwa kama mengine.

Mimi huku nataka nizungumze na profesa wangu. Pengine naweza kumleta Irene apigwe picha. Nikiiona mbele yangu nitajua yuko hatarini kiasi gani. Ni mashine ile ile ninayowalaza hawa wengine. Kuna mchezo tunawaonyesha mle ndani: watu wawili wa katuni wanarushiana mpira na kijana, kisha wanaacha kumrushia. Wanarushiana wenyewe tu, yeye akiangalia. Ni mpira wa bandia, na vijana wanajua, lakini ubongo unaupokea kama maumivu. Ndipo tunapopiga picha. Wakitoka mle nawapa chai.

Nimpe nani chai, dada, wakati wangu yuko Maretadu?

Andika siku utakayopata barua hii.

Bona


Maretadu
6 Novemba 2005

Mdogo wangu Bona,

Marahaba. Pole na baridi. Vuli imetukimbia, tunatazama juu kila asubuhi na juu hakuna kitu. Mama anakohoa vilevile. Nikolausi nimemwambia. Akaenda kuzika makopo ya dawa ya mahindi mahali ambapo hata mimi sipajui.

Nilingoja siku Zita amekwenda kwa bibi yake mzaa baba. Tulikuwa tunachambua maharage ya mbegu, mimi na Irene, ungo mmoja. Nikamwuliza kama ulivyoniagiza, ila kwa Kiiraqw, maana Kiswahili kingetufanya kama tuko kwa karani. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Ndiyo, shangazi."

Nikauliza na la pili. Hapo mkono wake ulisimama. Akasema, "Kufa sitaki. Nataka hiki kitu kiishe." Nikauliza kitu gani. Akasema hajui jina lake, kinakaa hapa, akagusa kifuani, na akijichanja kinapungua kidogo kisha kinarudi. Halafu akaniuliza, bila hasira, "Mbona umechukua muda wote huu kuniuliza?"

Nilimkumbatia, maharage yakamwagika yote.

Sasa nikwambie kuhusu mchezo wenu. Niliusoma mara nyingi, nikaenda kusimama nje. Lucia alipofariki, Mama alisema kifo bado kibichi, nyumba ina metimani. Irene asichote maji na wenzake, asiingie nyumba ya mtu, kikombe chake kiwe peke yake. Mfiwa wa kwanza ulikuwa wewe, lakini wewe ulikuwa na kazi Arusha, ukapanda basi. Metimani ikabaki na mtoto. Watoto wa hapa walicheza mpira wao wa matambara, yeye akisimama nyuma ya uzio wa minyaa. Mpira ukivuka uzio, walikuja kuuokota wenyewe mbio, ili asije akaushika. Niliona kwa macho yangu, nikasema ndiyo mila, itakwisha. Huo mchezo wa mashine yenu, Bona, sisi tulimchezesha hapa mwaka mzima, na wetu haukuwa wa bandia.

Simlaumu Mama. Naye alitengwa hivyo hivyo alipofiwa na mtoto wake wa kwanza. Nimemweleza yote. Alilia, kisha jioni akamwita Irene, akamnywesha maziwa kwenye kibuyu chake mwenyewe. Kwa Mama, hilo ni zaidi ya kuomba radhi.

Tumekwenda hospitali. Kuna muuguzi anaitwa Scolastica, amesomea magonjwa ya akili. Hana haraka wala hashangai. Irene anamwona kila wiki. Siku moja anarudi ananyamaza, siku nyingine anarudi anataka kula.

Nilimsimulia Irene kuhusu mashine yako. Akafikiri sana, kisha akauliza, "Baba akinipiga hiyo picha, ataona nini?" Mjibu.

Letisia


Uholanzi
4 Desemba 2005

Shikamoo dada,

Salamu kwa wote, na pole ya ukame. Umenifanyia jambo ambalo sitaweza kulilipa. Mbusu Mama mikono.

Nilimpelekea profesa swali la Irene kama lilivyo. Ni mtu mkweli. Alinionyesha meza yenye picha nyingi, akaniambia niokote moja niseme kama ni ya kijana anayejiumiza au la. Sikuweza. Yeye naye hawezi. Tunachojua tunakijua kwa kukusanya picha za vijana wengi, kuzijumlisha, kulinganisha kundi na kundi. Pengine siku moja itawezekana kwa mtoto mmoja. Leo haiwezekani. Nimefuta mpango wa kumleta. Mwambie Irene kwamba baba yake angetazama picha hiyo na kuona ubongo mzuri wa binti mdogo, basi. Mengine yote angehitaji kuambiwa na mwenye ubongo.

Nitapiga simu Jumapili ya tatu ya Januari, baada ya misa. Mshuke Dongobesh kwenye simu ya pale dukani, mtandao wenu wa kilimani unakata. Nataka nimsikie.

Kuna jambo la kazi pia, nitakueleza wakati wake.

Bona


Maretadu
22 Januari 2006

Bonaventura mdogo wangu,

Marahaba. Njaa imeanza kubisha hodi kwa majirani, sisi bado tuna kidogo. Mama anakusalimu, Zita anakusalimu.

Tulishuka Dongobesh. Irene alivaa gauni la Krismasi. Njiani alikuwa akijizoeza maneno kimoyomoyo, niliona midomo inacheza. Simu ikaita, nikampa, nikakaa pembeni, sauti yako nikiisikia. Uliuliza hesabu. Ukauliza Kiingereza. Ukamwambia ale vizuri. Kisha ukaishiwa masomo, ukanyamaza, naye akangoja. Nilimwona anavyongoja, Bona, ameishika ile simu kwa mikono miwili. Halafu ukasema simu ni ghali, mtaongea tena.

Tulipanda mlima kurudi. Karibu na nyumbani akasema, "Baba anauliza kama mkaguzi wa shule." Nikajaribu kukutetea. Nilitafuta neno, nikapata kwamba umechoka.

Wiki hiyo alijiumiza tena. Usiruke, soma mpaka mwisho. Safari hii alikuja mwenyewe kuniamsha, akanionyesha, na asubuhi tukaenda kwa Scolastica. Scolastica anasema kuja mwenyewe ni hatua, na kwamba njia hii ina kupanda na kushuka, tusikate tamaa. Sikati. Lakini mimi ni shangazi. Kuna mahali ndani ya mtoto yule pameandikwa jina lako, na nikibisha mimi hapafunguki.

Jana tulikuwa jikoni, akaniuliza swali moja. "Baba akija, atakaa siku ngapi?" Hakuuliza utakuja lini. Hilo amekwisha acha kuuliza. Nikasema sijui. Akatikisa kichwa kama mtu mzima.

Wewe hukuniambia jambo lako la kazi, lakini nimekulea, nasikia hata unaponyamaza. Wamekuongezea miaka. Ni heshima, najua, na hakuna wa ukoo wetu wa Tluway aliyewahi kuipata. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Sikuamulii. Nakuomba tu, jibu la swali lile usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, na liwe la kweli, hata kama ni baya.

Nakukumbuka, wewe mtu mgumu. Nikipika uji nachota wa mmoja zaidi, kisha nauacha kwenye sufuria.

Dada yako,
Letisia


Uholanzi
19 Februari 2006

Shikamoo dada Letisia. Salamu zangu zote, zigawe mwenyewe. Karatasi hii mpe Irene, nawe usome baada yake.

Irene mwanangu,

Hujambo mama? Huku theluji imeanza kuyeyuka, kila kitu ni tope.

Kazini kwangu nawauliza watoto wa watu swali moja kila siku, kwa lugha ambayo si yao wala si yangu. Siku ile ulikuwa kwenye simu, swali hilo nikalimeza. Niliogopa utanijibu, nami niko mbali, sina mkono wa kukushika. Nikakuuliza hesabu. Uliona sawasawa, nilikuwa mkaguzi.

Ninakuuliza sasa. Kinauma kiasi gani hicho kitu kisicho na jina? Usinijibu kwa barua. Kaa na swali mpaka nifike, na ukitaka kunyamaza, tutanyamaza pamoja. Kwa Scolastica uendelee kwenda hata nikishafika, maana baba si dawa, na sitaki ujilaumu siku mbaya zikirudi.

Ni kweli walinipa miaka miwili zaidi. Jumatatu nilimwambia profesa hapana. Shahada niliyokuwa naisomea huku sikuimaliza, na nililia kidogo, nisikufiche. Kisha nikaenda mjini kwa wauza tiketi. Nitafika Aprili. Masika yakikata barabara nitapanda kwa miguu.

Shangazi yako ameniandikia ulichomwuliza jikoni. Yule dada wa tiketi naye aliniuliza, tarehe ya kurudi huku niweke ipi. Nikamwambia hakuna.

Baba yako